Walter Spear: Mkimbizi aliyegeuza gesi kuwa utando wa umeme

Na MWANDISHI WETU

JUU ya banda la kuku katika boma moja karibu na soko la Ikonge, Kaunti ya Nyamira, kuna kioo chenye upana wa takriban futi moja na urefu wa futi tatu. Rangi yake ni nyeusi inayoelekea damu ya mzee, na ukikitazama kwa karibu utaona mistari myembamba iliyonyooka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mwenye boma, mkulima wa majani chai, alikinunua katika miaka ya tisini kwa pesa za bonasi, wakati ambapo Nyamira ingali wilaya na nguzo za umeme zilikuwa zikionekana mijini tu. Kabla ya siku hiyo alikuwa na desturi ya kubeba betri ya gari hadi mjini ili ichajiwe, kisha airudishe nyumbani ikiwa nzito vilevile, apate kutazama taarifa ya habari katika runinga ndogo isiyo na rangi.

Kioo hicho ni paneli ya kawi ya jua. Hata hivyo, hakikutengenezwa kama zilivyotengenezwa nyingi za paneli tunazoziona leo, ambazo huundwa kwa vipande vilivyokatwa kutoka kwenye kinoo cha silikoni. Chenyewe kilipakwa utando wa silikoni ambao unene wake haufikii sehemu moja ya hamsini ya unene wa unywele wa binadamu, na utando huo ulitokana na gesi. Makumi ya maelfu ya vioo vya namna hiyo viliuzwa nchini Kenya kati ya mwisho wa miaka ya themanini na mwanzo wa karne hii. Mtu aliyeonyesha kwamba utando huo ungeweza kufanya kazi ya maana ni mwanafizikia Walter Eric Spear, jina mashuhuri mno miongoni mwa wanasayansi wa fani yake na geni kabisa kwa waliopanda paani kuvifunga vioo hivyo.

Spear alizaliwa Januari 20, 1921 mjini Frankfurt, Ujerumani. Alikuwa mvulana wa miaka 12 Adolf Hitler alipotwaa madaraka mwaka 1933, na hakuwa amefikia utu uzima alipohamia London mwaka 1938 kuukimbia utawala wa Nazi. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka alivaa sare za jeshi la Uingereza, nchi iliyompa hifadhi, dhidi ya nchi aliyozaliwa. Miaka ambayo kijana wa kawaida angeitumia katika ukumbi wa mihadhara, yeye aliitumia jeshini. Alianza elimu ya chuo kikuu akiwa amechelewa, kama wachelewavyo wakimbizi wengi, na akaifuata kwa bidii ya mtu anayejua kuwa muda wake umeliwa na wengine.

Shahada ya uzamifu aliipata mwaka 1950 katika Chuo cha Birkbeck, London, ambacho sifa yake kubwa ni kuwafundisha jioni watu wanaofanya kazi mchana. Hapo ndipo alipofanya kazi na Werner Ehrenberg, mkimbizi mwenzake kutoka Ujerumani, na wawili hao wakaunda bomba la eksirei lenye uwezo wa kutoa miali iliyolengwa mahali padogo sana. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1951. Mwaka uliofuata, katika Chuo cha King's, si mbali na hapo, Rosalind Franklin na mwanafunzi wake Raymond Gosling walitumia bomba la aina hiyo kupiga picha ya DNA ambayo baadaye iliwasaidia James Watson na Francis Crick kung'amua umbo la kiini hicho cha urithi. Vitabu vimeandikwa kuhusu nani alistahili sifa katika kisa hicho. Waliounda bomba hawatajwi mara nyingi.

Mwaka 1953 Spear alikwenda kufundisha katika chuo cha Leicester, na huko akajijengea kazi ambayo kwa mtazamaji wa nje ingeonekana kavu. Alikuwa akipima kasi ya elektroni. Angechukua tabaka jembamba la kitu, aupige uso wake mmoja kwa mpigo mfupi wa nishati, kisha apime ni muda gani elektroni zilizozinduliwa zilichukua kuvuka hadi uso wa pili. Alipima seleniamu, madini yaliyokuwa yakitumiwa wakati huo katika mashine za kunakili nyaraka. Alipima salfa na hata gesi zilizogandishwa. Mtu anayejua umbali na muda anaijua kasi, na kasi ya elektroni humweleza mpimaji kama njia yake ni shwari au ina mashimo.

Ili msomaji aelewe kwa nini jambo hilo lilikuwa na uzito, na afikirie shamba la majani chai lililopandwa kwa safu zilizonyooka. Mchumaji huingia katika safu moja na kwenda mbele bila kizuizi. Silikoni ya fuwele ndivyo ilivyo: atomu zake zimepangwa kwa utaratibu usiobadilika, kila atomu imeshikana na jirani zake wanne, na elektroni hupita. Lakini silikoni inaweza pia kuwa bila mpangilio, kama kichaka. Katika kichaka hicho atomu nyingi hubaki na mkono mmoja ulionyooshwa hewani bila mwenzi wa kuushika, na kila mkono wa namna hiyo ni mtego wa kunasa elektroni. Kwa sababu hiyo wahandisi wengi waliiona silikoni isiyo na mpangilio kuwa kitu kisicho na manufaa. Hata Nevill Mott, Mwingereza aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1977 kwa nadharia za vitu visivyo na mpangilio, alikuwa ametoa hoja kwamba haitarajiwi vitu vya aina hiyo viitikie vichocheo vinavyoipa silikoni ya kawaida uwezo wake wa kielektroniki.

Mwaka 1968 Spear alipewa kiti cha uprofesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, kilichokuwa kimepata hadhi ya kujitegemea mwaka mmoja tu kabla. Dundee ulikuwa mji uliojulikana kwa mambo matatu: viwanda vya magunia ya juti, jamu na magazeti. Sisi wa kazi hii tunaufahamu kwa hilo la tatu. Hapakuwa mahali ambapo mtu angekwenda kutafuta mustakabali wa vifaa vya elektroniki. Spear aliandamana na Peter LeComber, aliyekuwa mwanafunzi wake kule Leicester na mdogo wake kwa miaka 20, na ushirikiano wao ukadumu hadi Spear alipostaafu.

Njia waliyoichagua haikuwa yao. Mwaka 1965 wahandisi wawili, Sterling na Swann, waliokuwa wakifanya kazi katika maabara ya simu ya Standard Telecommunication mjini Harlow, Uingereza, walikuwa wameeleza namna ya kupaka tando za silikoni na michanganyiko yake kwa msaada wa gesi inayong'aa kwa umeme. Mwenzao Chittick aliendelea na kazi hiyo, na mwaka 1969 akachapisha pamoja na wenzake matokeo yaliyoonyesha kwamba silikoni isiyo na mpangilio iliyopatikana kwa njia hiyo ilikuwa bora kuliko iliyopatikana kwa njia nyingine. Hata hivyo, kampuni haikuona faida ya kuifuatia. Spear aliiona.

Njia yenyewe inastahili kuelezwa polepole, kwa kuwa ndiyo inayotumika hadi leo katika viwanda vya skrini na vya paneli. Kipande cha kioo huwekwa ndani ya chombo kilichofungwa, hewa ikafyonzwa hadi pakabaki karibu ombwe. Kisha huingizwa kiasi kidogo cha silani, gesi ambayo kila molekuli yake ina atomu moja ya silikoni na nne za haidrojeni. Ni gesi ya hatari, kwa sababu huwaka yenyewe inapokutana na hewa. Sasa kama mtu angetaka kuivunja silani kwa joto peke yake, angehitaji nyuzijoto 600 au zaidi, na kioo cha kawaida hakiwezi kulistahimili joto hilo bila kulegea. Badala yake, ndani ya chombo hupitishwa umeme wa masafa ya redio. Elektroni chache zilizo huru husukumwa huku na huko, zikagonga molekuli, zikazivunja na kuzindua elektroni nyingine. Gesi yote ikaanza kung'aa kama taa za matangazo za mjini. Hali hiyo ya gesi iliyopasuliwa na umeme ndiyo wanasayansi huiita plazima.

Siri yake ni kwamba elektroni ndani ya plazima huwa na nguvu ambayo kwa kipimo cha joto ingekuwa maelfu ya nyuzi, ilhali gesi yenyewe hubaki ya wastani na kioo huhitaji nyuzijoto 250 au 300 hivi, joto la tanuri la mikate. Kazi ya kuvunja molekuli hufanywa na umeme badala ya moto. Vipande vya silani hutua juu ya kioo kimoja baada ya kingine, utando ukakua taratibu, na baadhi ya haidrojeni hubaki humo. Haidrojeni hiyo ndiyo inayokwenda kuishika ile mikono iliyonyooshwa hewani. Mitego hupungua mara maelfu, na elektroni hupata njia.

Hapa inafaa kuwa waadilifu. Spear hakuvumbua njia hiyo, na wala si yeye aliyekuwa wa kwanza kusisitiza dhima ya haidrojeni. Jambo hilo lilifafanuliwa zaidi na watafiti wa Marekani, akiwemo William Paul wa Harvard na Hellmut Fritzsche wa Chicago. Alichokuwa nacho Spear ambacho wengine hawakuwa nacho ni ile miaka 15 ya kupima kasi za elektroni. Alipoupima utando uliotoka katika plazima alitambua mara moja kwamba mitego ilikuwa michache mno kuliko ilivyodhaniwa. Na kama mitego ni michache, basi hoja kwamba kichocheo hakiwezi kufanya kazi ilifaa kujaribiwa upya.

Yeye na LeComber wakaijaribu. Walichanganya silani na chembe za fosfini, gesi yenye fosforasi, kwa viwango vinavyohesabiwa kwa sehemu katika milioni, na uwezo wa utando kupitisha umeme ukapanda ghafla. Walipotumia diborani, gesi yenye boroni, walipata utando wa aina ya pili, ule ambao umeme hubebwa na nafasi zilizoachwa na elektroni. Kwa kubadilisha mchanganyiko wa gesi pekee waliweza kuubadilisha upitishaji umeme kwa takriban mara bilioni 10 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 1975 katika makala fupi, na uwanja mzima ukaamka. Ukishakuwa na aina mbili za silikoni unaweza kuzibandika pamoja, na ukishazibandika pamoja una kiini cha seli ya jua.

Wengine walikimbia na wazo hilo. Mwaka 1976 David Carlson na Christopher Wronski wa kampuni ya RCA, Marekani, walitangaza seli ya jua ya silikoni isiyo na mpangilio iliyogeuza asilimia 2.4 ya mwanga kuwa umeme. Ni kiasi kidogo, lakini kilitoka kwenye utando usiomaliza hata kijiko cha silikoni. Mwaka 1980 kampuni ya Sanyo ya Japani iliingiza sokoni vikokotoo vilivyoendeshwa kwa seli hizo. Msomaji aliyesoma shule ya upili miaka ya themanini na tisini atavikumbuka, vile vyenye kidirisha cheusi juu ya tarakimu ambavyo tulikuwa tukikiziba kwa kidole kuona namba zikififia.

Baada ya vikokotoo zikaja paneli ndogo za wati 10 hadi 14, na soko lake kubwa mojawapo likawa Kenya. Biashara ya kawi ya jua ilikuwa imeanza hapa katikati ya miaka ya themanini, hasa upande wa Mlima Kenya, kwa mafundi waliofunga mitambo katika shule na nyumba za wakulima wa kahawa na majani chai. Haikutegemea ruzuku ya serikali. Mtu alinunua paneli dukani kama anunuavyo baiskeli, akatafuta fundi, na kufikia mwanzo wa karne hii zaidi ya kaya 100,000 zilikuwa zimefanya hivyo. Paneli ya utando mwembamba ilipendwa kwa sababu iliuzwa kwa kiasi kidogo ambacho mkulima angeweza kukimudu kwa bonasi moja.

Lakini utando huo una kasoro yake ya asili, na ndiyo iliyozua balaa. Mwaka 1977 Wronski na mwenzake David Staebler walikuwa wamegundua kwamba silikoni ya aina hiyo hudhoofika inapopigwa na mwanga. Katika miezi ya kwanza juani paneli hupoteza asilimia 15 hadi 30 ya nguvu zake, kisha hutulia. Mtengenezaji mwaminifu huandika kwenye kibandiko nguvu itakayobaki baada ya kutulia. Asiye mwaminifu huandika ile ya siku ya kwanza, au huandika apendavyo, kwa kuwa mnunuzi wa Ikonge hana kipimo cha wati mfukoni. Akiona taa zinazimika saa mbili usiku atailaumu betri, au fundi, au mawingu.

Mwaka 1999 watafiti wakiwemo Arne Jacobson na Daniel Kammen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walizipima paneli hizo nchini Kenya, na ripoti yao ikachapishwa mwaka 2002. Waligundua kwamba baadhi ya chapa zilitoa nguvu iliyokaribiana na ile iliyoandikwa, ilhali nyingine ilipungukiwa vibaya. Vipimo vingine vya mwaka 2004 na 2005 vilionyesha kwamba bidhaa duni zilikuwa zingali sokoni. Pengo hilo halikuwa la hesabu za maabara. Wati nne zinazokosekana katika paneli ya wati 14 ni saa za taa za mtoto anayejiandaa kwa mtihani, na mzazi wake amezilipia.

Spear hakuwa na mkono katika biashara hiyo. Wakati paneli zikisambaa, yeye na LeComber walikuwa wamekwisha kugeukia jambo jingine ambalo hatimaye lilikuwa na athari kubwa zaidi. Mwaka 1979, wakishirikiana na mtafiti mwenzao Ghaith, walieleza namna ya kuunda transista kwa utando uleule juu ya kioo. Kizio chake kilikuwa silikoni nitridi, utando mwingine unaopatikana katika plazima kwa kuongeza amonia kwenye silani. Walipendekeza kwamba transista hizo zitumike kuwasha na kuzima vidoti vya skrini bapa ya kimiminika, kila kidoti na transista yake. Fuwele ya silikoni isingeweza kazi hiyo, kwa kuwa hakuna kinoo chenye upana wa runinga. Kioo kilichopakwa utando kinaweza kuwa kikubwa kadiri chombo cha plazima kinavyoruhusu. Skrini ya kawaida yenye vidoti 1,920 kwa 1,080, kila kidoti kikiwa na rangi tatu, huhitaji zaidi ya transista milioni 6.

Viwanda vya kuzitengeneza havikujengwa Dundee. Kampuni ya Sharp ya Japani ilionyesha skrini ya rangi ya inchi 14 mwaka 1988, na Korea Kusini na Taiwan zikafuata. Uingereza ilibaki na heshima. Spear alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka 1980, na mwaka 1990, alipostaafu, alitunukiwa nishani ya Rumford ya jumuiya hiyo. LeComber, ambaye angetarajiwa kumzika mwalimu wake, alitangulia. Alifariki mwaka 1992 akiwa na umri wa miaka 51 tu.

Spear mwenyewe aliaga dunia Februari 21, 2008, akiwa na umri wa miaka 87. Sikumbuki gazeti lolote la Kenya lililoandika hata mstari mmoja. Ilikuwa wiki ambayo Kofi Annan alikuwa Nairobi akiwapatanisha Mwai Kibaki na Raila Odinga, na mkataba ulikuwa bado siku saba kutiwa saini. Mpakani mwa Borabu na Sotik, mwendo mfupi kutoka Ikonge, nyumba zilikuwa zimeteketezwa na familia zilikuwa zimekimbia. Sisi katika chumba cha habari tulikesha tukihariri majina ya wakimbizi wa nchi yetu wenyewe, tukiyasoma katika skrini bapa za tarakilishi zilizokuwa zimechukua nafasi ya yale masanduku mazito ya zamani. Hakuna aliyejua kwamba mkimbizi mwingine aliyeziwezesha skrini hizo alikuwa amefariki.

Paneli za utando mwembamba zimepungua sana madukani tangu bei ya silikoni ya fuwele iporomoke. Kiwanda kilichofunguliwa Naivasha mwaka 2011 huunganisha paneli za fuwele kwa seli zinazotoka ng'ambo. Hata hivyo ile rangi ya samawati inayozipamba seli za fuwele ni utando wa silikoni nitridi unaozuia mwanga usirudi, na kwa kawaida hupakwa katika chombo cha plazima. Skrini nyingi kubwa za runinga zinaendelea kutegemea transista za silikoni isiyo na mpangilio.

Kule Ikonge, mwenye boma alifunga paneli mpya ya samawati juu ya nyumba yake miaka kadhaa iliyopita, na baadaye nguzo ya stima ikafika pia. Kile kioo cha zamani hakukitupa. Alikihamishia juu ya banda la kuku, akakiunganisha na betri ndogo na balbu moja inayowaka usiku kuwafukuza vicheche, na nilipokitazama mara ya mwisho nyaya zake zilikuwa zimebadilishwa mara mbili lakini chenyewe kilikuwa kingali kinafanya kazi.